NFL iajiri marefa wa kudumu, au tuendelee kuumizwa hivi hivi?

Mtanga wa Buffalo
Wakuu, naomba tujadili hili bila ushabiki. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani inayoingiza pesa kuliko ligi yoyote ya michezo duniani, inachezeshwa na watu ambao Jumatatu wanarudi kwenye kazi zao nyingine. Ed Hochuli, yule wa misuli, alikuwa wakili miaka yote aliyochezesha. Mtu anasoma mafaili ya kesi wiki nzima, Jumapili anaamua hatima ya mji.

Chukueni mechi ya 26 Januari 2025, Chiefs wa Kansas City (KC) na Bills wa Buffalo. Robo ya nne ndiyo kwanza imeanza, Bills wanaongoza 22–21, jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, imebaki yadi moja. Josh Allen, mpiga pasi wa Bills, anajipenyeza katikati ya rundo. Waamuzi wawili wanatoka mbio kila mmoja upande wake, na kila mmoja ana alama yake. Ikachukuliwa ile fupi. Wakaenda kwenye video, wakarudi wakasema hakuna picha ya kutosha kubadili. Chiefs wakapewa mpira, wakafunga, na mwisho wakashinda 32–29. Gene Steratore, refa wa zamani aliyekuwa akichambua kwenye CBS, alisema kwa anavyoona yeye Allen alifika.

Hoja yangu ni moja tu. Waajiriwe mwaka mzima, wafanye mazoezi mwaka mzima, wapimwe mwaka mzima. Karibuni.

Mfalme wa KC
Mkuu, baada ya hapo Bills walisawazisha 29–29, na mpira wa mwisho wa kutafuta ushindi walikuwa nao wao. Jaribio la nne, yadi tano, Allen akakimbizwa akautupa na Kincaid, mpokeaji wake, hakuudaka. Refa hapo kaingiaje? Mwaka wa kwanza na wa pili mlisema marefa, sasa hii ya nne mnasema marefa. Sema tu mkeka ulichanika.

Mtanga wa Buffalo
Mkeka? Sijawahi kubeti hata senti moja maishani mwangu. Nimeleta hoja yenye tarehe na matokeo, wewe unaniletea mambo ya mikeka. Nikisema gari lina breki mbovu utaniuliza nauli nililipa shilingi ngapi?

Buda wa Nakuru
Sasa kubeti imekuwa tusi? Mimi nabeti, na ninalipa karo ya watoto. Mtu mzima anajua pesa yake. Turudi kwa marefa. Mnakumbuka ule mwaka walileta marefa wa kuokoteza, nadhani 2011, Seattle na Green Bay, pasi ya mwisho, refa mmoja anainua mikono kwamba ni tachidaun, yaani bao, mwenzake aliye hapo hapo anaashiria ya kwake? Hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Hawa wa sasa ni malaika.

Mulamba243
Ni 2012, ndugu. Septemba 24. Seahawks 14, Packers 12. Golden Tate wa Seahawks alikuwa na mkono mmoja kwenye mpira, Jennings wa Packers ameukumbatia kifuani, na wakampa Tate. Siku mbili baadaye ligi na marefa wa kawaida, waliokuwa nje kwa mgogoro wa mkataba, wakapatana, maana nchi nzima ilikuwa inapiga kelele.

Buda wa Nakuru
2011, 2012, point ni ile ile.

Refa wa Ijumaa
Nachezesha mechi za sekondari hapa Minnesota, kila Ijumaa usiku kwenye msimu. Niwaambie kinachoonekana pale, kwa sababu naona watu wanaongea kama kuna mtu alikuwa na mpira mkononi akakataa kuusogeza.

Mimi nasimama pembeni, sawa na mstari. Mpira ukishapasiwa nyuma, watu wote wale wanaangukiana. Mpira siuoni. Naona kofia, naona mgongo, natafuta goti au kiwiko kipi kimegusa nyasi kwanza, halafu nakadiria wakati ule mpira ulikuwa kifuani mwake au tumboni. Naingia ndani mguu mmoja mbele, ule mguu ndiyo alama yangu, mwenzangu anatoka upande wa pili na mguu wake. Tukitofautiana lazima mmoja aache. Mwenye kuacha siyo lazima awe aliyekosea, ni aliyekuwa na uhakika mdogo. Mtu akilipwa mwaka mzima bado ile miili haitapisha aone.

Na la ajira, mleta mada, walishalijaribu. 2017 NFL iliwafanya marefa 21 kuwa wa kudumu. 2019 mpango ukasimamishwa. Ile mechi ya Saints na Rams ya Januari 2019, ambayo watu wanaililia mpaka leo, ilichezwa mpango huo ukiwa hai. Tatizo ni kwamba wengi humu mnaangalia vipande vya sekunde kumi kwenye simu halafu mnajiona mnajua kazi ya refa.

Dada Neema
Vipande vya simu! Kaka yangu, hiyo mechi ya Bills kwa Dar ilianza saa nane na nusu usiku, Jumatatu ya kazi. Nimeiangalia mwanzo mwisho na sauti nimeizima watoto wasiamke. Ile ya Saints Januari 2019 ilianza saa tano usiku, nayo niliimaliza. Usituambie hatujui.

Na kwa kuwa umeitaja, nikukumbushe. Ni 20–20, dakika zimebaki mbili kasoro, Saints wako karibu na goli. Nickell Robey-Coleman, beki wa Rams, anamvaa Tommylee Lewis wa Saints mpira ukiwa bado hewani, hata hajageuka kuutazama. Kitambaa cha njano, kile cha refa kuonyesha kosa, hakikutoka. Rams wakashinda 26–23 muda wa nyongeza kwa mkwaju wa yadi 57. Robey-Coleman mwenyewe alikiri baada ya mechi. Kisha ligi ikampiga faini ya dola 26,739 kwa kumgonga kofia kwa kofia. Yaani ofisini waliliona kosa, uwanjani watu saba hawakuliona. Pale hapakuwa na rundo wala miili. Walikuwa watu wawili kwenye nyasi tupu.

Refa wa Ijumaa
Dada, sikukulenga wewe.

Dada Neema
Ulisema "wengi humu". Mimi nimo humu.

Mfalme wa KC
Na walichofanya baada ya hapo mnakijua. Msimu wa 2019 wakaruhusu makosa ya kumzuia mpokeaji yapitiwe kwenye video. Makocha wakawa wanatupa kitambaa chao chekundu cha kuomba video itazamwe, video inaonyesha mkono umeshikwa, jibu linarudi "uamuzi unabaki". Msimu mmoja tu, wakaifuta. Kila mnachodai mkikipata mnakilalamikia.

Mama Salma
Nimesoma uzi wote na kuna jambo limenikaa kooni. Buda, umesema mtu mzima anajua pesa yake. Mdogo wangu hapa Mwanza alikuwa na bodaboda yake, imelipiwa yote, kadi iko kabatini. Aliiuza kwa ajili ya mikeka. Mpira wenyewe wala haangalii, anaangalia namba. Mama yetu alijua pale mnunuzi alipokuja kuchukua kadi. Usije ukaliongea hili kama jambo dogo.

Buda wa Nakuru
Pole sana mama, naongea kwa heshima. Lakini huyo ni mmoja. Kuna watu huuza shamba kwa pombe na hatufungi shamba la shayiri.

Mama Salma
Mmoja kwako. Kwetu ndiye mtoto wa kiume pekee.

Mulamba243
Buda, omba radhi.

Buda wa Nakuru
Nimesema pole. Nyinyi mnataka nipige magoti?

Mtanga wa Buffalo
Mama Salma, pole sana, na Mungu amrudishe mdogo wako kwenye mstari. Nilitaka kuomba mambo ya mikeka yaondoke kwenye uzi huu, lakini nimeona yanahusika kuliko nilivyodhani. 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifungulia majimbo yaruhusu kubeti michezo. 2021 NFL yenyewe ikasaini na kampuni za kubeti: Caesars, DraftKings, FanDuel. Matangazo yamejaa katikati ya mechi. Sasa ligi inavuna kwa wanaobeti, halafu refa akikosea anahojiwa na mwandishi mmoja kwa niaba ya wote, maswali machache, basi, mlango umefungwa. Hapo ndipo watu wanaanza kusema mechi zimepangwa. Mimi sisemi zimepangwa. Nasema ukishaingiza kamari nyumbani kwako huna haki ya kuficha hesabu.

Mfalme wa KC
Hapo sasa umeongea, lakini wewe ndiye uliyeanza na neno la Chiefs kubebwa.

Mtanga wa Buffalo
Sijaandika kubebwa popote. Panda juu ukasome.

Mfalme wa KC
Umeandika kwa namna hiyo. Tumelizoea. Super Bowl, fainali yenyewe, ya Februari 2023, Chiefs 38, Eagles 35, kitambaa kilitoka dhidi ya James Bradberry, beki wa Eagles, zikiwa zimebaki dakika mbili kasoro, dunia nzima ikapiga kelele kwamba tumebebwa. Bradberry mwenyewe akasimama mbele ya waandishi akasema aliivuta jezi. Mlimwomba radhi refa? Hakuna hata mmoja. Kosa likitolewa mnalia, lisipotolewa mnalia.

Dada Neema
Kosa lilikuwepo, sikatai. Lakini mechi nzima ile walikuwa wanaacha jezi zivutwe, halafu dakika ya mwisho wanakumbuka sheria. Kinachouma ni kutolingana. Niambie mapema jezi ikivutwa ni kosa, nitakubali dakika ya kwanza na ya sitini.

Mulamba243
Miye niko Dallas, shabiki wa Cowboys, kwa hiyo mnajua kidonda changu. Januari 2015, Lambeau, uwanja wa Packers, mpokeaji wetu Dez Bryant anaruka, anaudaka, anapiga hatua, anajinyoosha, mpira unatikisika akigusa chini. Wakasema hajadaka. Packers 26, sisi 21. Marefa siku ile walifuata kitabu, na kitabu ndicho kilikuwa kibovu. 2018 wakaiandika upya ile sheria ya kudaka. Tulishinda kwenye karatasi baada ya miaka mitatu.

Na teknolojia ile ya 2025, kamera za Hawk-Eye badala ya mnyororo wa kupimia yadi, watu wameisifu sana. Lakini inapima umbali kutoka mahali refa alipouweka mpira. Kuuweka bado ni ule mguu wa Refa wa Ijumaa. Unapima kwa kamera za kisasa kitu kilichokadiriwa kwa jicho.

Refa wa Ijumaa
Huyu ameelewa. Hapo ndipo pesa ziende, siyo kwenye mishahara. Mkataba wa 2012 ulipandisha wastani wao kutoka dola 149,000 kwa mwaka hadi 205,000 ilipofika 2019. Hawafi njaa wale.

Mtanga wa Buffalo
Unazungumza mshahara, mimi nazungumza muda. Na hao 21 unaowatolea mfano: kundi zima ni kama marefa 120. Mmoja wa kudumu anasimama uwanjani na watano, sita ambao Jumatatu wana kazi nyingine, halafu unasema mpango ulifeli. Waajiri wote, wape misimu mitano, ndipo useme umejaribu.

Refa wa Ijumaa
Ukisema wote, wakili hatafunga ofisi yake na mwenye biashara hataiuza. Utabaki na vijana wenye muda na wasio na uzoefu. Wale wazee wamechezesha shule, vyuo, miaka na miaka kabla ya kufika pale.

Mtanga wa Buffalo
Waondoke wanaotaka kuondoka. Hochuli alistaafu na ligi haikufungwa. Hao vijana wenye muda mwanzoni watakosea, nitavumilia, kwa sababu Jumanne asubuhi watakuwa mbele ya video wakitazama goti liligusa wapi. Mwenzake atakuwa mahakamani.

Mama Salma
Na kamari?

Buda wa Nakuru
Mama Salma, nimekutumia ujumbe kando. Tafadhali usome.