Kukutana kwenye feri ya Likoni: ni sadfa au ni hesabu?

Mkaazi wa Likoni
Assalamu alaikum. Juzi asubuhi, nikivuka kwa feri kwenda kisiwani, nilijikuta nimesimama bega kwa bega na mtu niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye hatukuonana tangu tulipoachana huko, na ambaye usiku uliotangulia nilikuwa nimemtaja nyumbani. Kwa sensa ya mwaka 2019, kaunti yetu ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Naomba wenye elimu ya hisabati wanieleze uwezekano wa jambo hili, kwani naona vigumu kuamini kuwa ni nasibu tupu.

Mwalimu, Tudor
Waalaikum salaam, ndugu yangu. Lau ungelimtaja yeye peke yake kuwa ndiye utakayekutana naye asubuhi hiyo, uwezekano ungelikuwa mdogo mno. Lakini ungelistaajabu vilevile kama angelikuwa mwanafunzi mwengine wa darasa lile, jirani wa zamani, au jamaa mliyeonana arusini. Tuseme unawajua watu 500 katika kaunti: hiyo ni takriban mtu mmoja katika kila 2,400, na anayevuka Likoni kila siku hapiti muda mrefu kabla ya kupishana na nyuso nyingi kiasi hicho. Kwa sababu iyo hiyo, watu 23 wakikutanishwa kwa nasibu, uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja huzidi nusu kidogo, kwa kuwa watu hao hufanya jozi 253, na kila jozi ni nafasi nyengine ya kulingana.

Mama wa Mtongwe
Mwalimu amesema kweli, ila watu wa Mombasa hatutembei kwa nasibu. Sisi wa kusini twaingia mjini wengi wetu kwa mlango mmoja, saa zile zile za asubuhi, na jioni twarudi kwa mlango huo huo. Mimi huwafikiria zaidi wale tuliovuka nao feri moja, wao mbele na sisi nyuma, tusionane. Hao hakuna anayewasimulia. Na majina mangapi huyataja usiku nyumbani, kukicha wenyewe tusiwaone?

Mzee wa Kibokoni
Wanangu, hesabu yenu yanieleza kwamba mtu fulani angelikutana na fulani, na hilo nalikubali. Hainielezi kwa nini awe huyu, na kwa nini siku hiyo. Kwangu mimi kadari haipungui kwa kupigiwa hesabu.

Mwalimu, Tudor
Mzee wangu, hapo sina la kupinga, wala hisabati haidai kulijua hilo. Ndugu wa Likoni, muulize mwenzako anakaa wapi, na huvuka saa ngapi na siku zipi. Ikiwa naye huvuka kila asubuhi, makadirio yangu yatabadilika sana, na swali litakuwa kwa nini hamkuonana mapema zaidi.