Darasa la Pili na haiku: nianzie wapi?

MwlMachungwa (Muheza)
Habari za jioni walimu. Nina Darasa la Pili, watoto sabini na kitu. Wengine bado wanaandika "mamaanapika" bila nafasi, wengine wanakatakata mpaka "ana pika". Herufi kubwa tunaisukuma hivyo hivyo, nukta ndiyo kabisa haikumbukwi. Sasa siku ya wazazi inakuja, na mwalimu mkuu kaona haiku mahali, kale kashairi kafupi ka Kijapani ka mistari mitatu, anataka kila mtoto aandike yake tubandike ukutani. Hesabu ya silabi, 5-7-5, naijua. Swali langu: mtoto ambaye sentensi bado inamshinda, haiku ataingiaje? Na kwenye kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, kuna ugomvi: "mbwa" ni kofi moja au mawili? "Mbuzi" je? Darasa limegawanyika na mimi niko katikati.

BibiChaki
Nimestaafu, lakini la Kwanza na la Pili ndiko nilikozeekea, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tumalize ugomvi kwanza. "Mbwa" ni makofi mawili, m-bwa. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo mkazo unaikuta m. Nchi, nge na nne ni hivyo hivyo. "Mbuzi" nayo ni mawili, lakini ni mbu-zi, kwa kuwa m imeng'ang'ania b. Mdudu mbu peke yake ni mawili, mbu ya mbuzi ni moja! Watoto wakilishika hilo watalipigia makofi mpaka nyumbani. Habari za mkazo usiwape, ni zako wewe. Waambie waite kwa kuvuta, "Mmm-bwa!", wataisikia m imesimama peke yake.

Sasa haiku. Daftari lisifunguliwe kwanza. Toka nao nje, kila mmoja arudi na kitu alichokiona au kilichotokea kwao, akiseme kwa sentensi nzima. Chagua moja, kata maneno yake kwenye kadi za boksi, wape watoto wasimame mbele, kila mmoja na neno lake. Nafasi kati ya mtoto na mtoto ndiyo nafasi kati ya maneno. Wawili wakikumbatiana, darasa zima litapiga kelele, na hapo "mamaanapika" utakuwa umeitibu bila fimbo. "Ana" na "pika" ni mtoto mmoja, kadi moja. Mkorofi kuliko wote mpe nukta, asimame mwisho, na bila yeye hakuna kusoma.

Sentensi ikishasimama ndipo mnapiga makofi. Kuna mtoto aliniletea hii: "Kuku wa bibi ametaga kitandani, bibi hajui." Tukahesabu: 5, 8, 5. Katikati kofi moja limezidi. Darasa likakuna vichwa, mwenye kuku akasema, "kataga!" Ikawa:

Kuku wa bibi
kataga kitandani
bibi hajui

BabaWaWawili
Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi tu. "Kataga" ukutani, halafu kwenye mtihani wa sentensi mtoto akiandika hivyo anakatwa? Na kwa nini tukahangaike na ushairi wa Wajapani wakati mashairi yetu yana mizani pia, yaani hesabu ya silabi, 8 kwa 8?

BibiChaki
Marahaba baba. Kwenye daftari la sentensi anaandika "ametaga", na anajua kwa nini. Shairi kibali chake lina tangu zamani, washairi wetu wamefupisha maneno sana ili mizani itimie. Akizipata silabi 8 katikati akakataa kufupisha, mwache, Bashō mwenyewe, bingwa wa haiku wa Japani, ana haiku zilizovuka silabi 17.

Shairi letu nalipenda, lakini mshororo wa mizani 16, mara nne, na vina vya kati na vya mwisho, kwa mtoto wa miaka 7 au 8? Ataanza kusaka maneno yanayoishia na "-ka" na jambo alilotaka kusema litapotea. Haiku haidai vina. Inachodai kwa desturi ni neno la majira, na hilo sisi hatukosi: masika, vuli, kipupwe, kaskazi, na huko kwenu msimu wa machungwa.

MwlMachungwa (Muheza)
Shikamoo bibi. Leo nimejaribu kadi. Nukta yangu ilikimbia mara mbili, ikarudishwa na darasa. Mvua ikatukatiza, bati likapiga kelele hata sisikiki, nikakaa. Kuna binti hanyanyui mkono kamwe, mvua ilipopungua akaniletea hii, makofi ameshayahesabu mwenyewe:

Masika haya
bati linanguruma
mwalimu kimya

Nimeipitisha, ila "masika" imeandikwa "masica". Nimsahihishe kabla ya kubandika, au niiache na mkono wake?

BibiChaki
Kwenye daftari msahihishe. Kisha anakili upya mwenyewe kwa ajili ya ukutani, wewe usimwandikie. Na mwalimu mkuu akiuliza nukta iko wapi, mwambie iko kwenye sentensi, ukurasa wa nyuma.