Mjadala: Je, anayechota udongo wa Mwezini awe mmiliki wake?

Desemba 2020, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza mikataba na kampuni chache za kuchota udongo kidogo juu ya Mwezi, kuupiga picha na kulikabidhi shirika hilo umiliki wake palepale ulipo. Kampuni moja, Lunar Outpost ya Colorado, ilikubali kulipwa dola 1 tu. Kwa bei hiyo ni dhahiri kwamba hakuna aliyefuata faida. Kilichotafutwa, na NASA yenyewe haikukificha, ni kuweka mfano kwamba udongo wa Mwezini unaweza kuuzwa na kununuliwa. Naomba tulijadili jambo hili sasa, kabla mfano huo haujageuka kuwa desturi isiyohojiwa.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujitwalia Mwezi, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuutumia au kwa kuukalia, lakini haukusema waziwazi nini kifanyike juu ya kitu kilichokwisha kuchimbwa. Katika pengo hilo Marekani ilitunga sheria yake mwaka 2015 kuwaruhusu raia wake kumiliki wanachokichimba, nayo Luxembourg ikafuata mwaka 2017, kisha Falme za Kiarabu na Japani. Mkataba wa Mwezi wa mwaka 1979, unaozitaja mali asili za huko kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, umeridhiwa na nchi chache mno. Marekani, Urusi na China hazimo.

Hoja kuu ya wanaotetea umiliki ni ile ya mvuvi: bahari kuu si ya mtu, lakini samaki aliyevuliwa humo ni wa aliyemvua. Ni hoja yenye uzito, ila inaishia nusu ya njia. Chini ya bahari hiyohiyo kuna mawe yenye nikeli na kobalti, na sheria haimruhusu mtu kujiokotea tu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliyaweka madini ya sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi kuwa urithi wa pamoja, chini ya mamlaka ya kimataifa yenye makao Kingston, Jamaika. Samaki huzaliana, madini hayazaliani. Sioni ni kwa nini udongo wa Mwezini ufananishwe na samaki badala ya mawe hayo.

Nakiri kwamba udongo wenyewe, ambao kwa kweli ni vumbi, si haba. Ni mwamba uliopondwapondwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka hadi ukafunika karibu uso wote, kina cha mita kadhaa kwenye mabonde na zaidi kwenye nyanda za juu, na takriban asilimia 40 ya uzito wake ni oksijeni iliyofungwa ndani ya madini. Mtu akichota tani chache kwenye uwanda mpana, hakuna anayepungukiwa. Kinachogombewa ni udongo wa kwenye ncha za Mwezi, ndani ya kreta, yaani mashimo makubwa yaliyoachwa na vimondo, zisizofikiwa na jua kamwe, ambako chombo cha LCROSS kilithibitisha mwaka 2009, katika kreta ya Cabeus, kwamba umechanganyika na barafu, yaani maji. Maeneo hayo ni machache, na anayetangulia ndiye atakayechagua.

Kutangulia huko kuna makali ambayo watu wengi hawayafikirii. Novemba 1969, Apollo 12 ilitua umbali wa mita 160 hivi kutoka Surveyor 3, chombo kilichokuwa kimekaa hapo tangu 1967. Wanaanga walikata kamera yake wakarudi nayo duniani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba vumbi lililorushwa na injini wakati wa kutua lilikuwa limeukwangua uso wake. Chembe za vumbi hilo ni kali kama vioo vilivyovunjika, kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kuzilainisha, na hakuna hewa ya kuzipunguzia mwendo. Kwa hiyo Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020, yaliyoongozwa na Marekani kuhusu shughuli za Mwezini, ambayo Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022, yanapendekeza maeneo ya usalama kuzunguka shughuli za kila mmoja. Sababu yake ni ya kweli kabisa. Lakini eneo la usalama lililozunguka kreta yenye barafu, likikaa miaka ishirini, litatofautianaje na miliki?

Msimamo wangu ni kwamba uchimbaji uruhusiwe, lakini haki ya kuchimba itoke katika chombo cha pamoja, nayo iwe na muda maalumu na mgawo kwa wasio na roketi. Wapo watakaosema kwamba nchi zetu hazina sauti katika hilo. Lakini Agosti 1972 Kenya ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa rasimu ya ukanda wa kiuchumi wa baharini, yaani eneo la bahari ambalo rasilimali zake ni haki ya nchi ya pwani, wakati haikuwa na meli za kushindana na wavuvi wa mbali, na leo ukanda huo ni sheria ya dunia. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu hukutana Vienna, Kenya ni mwanachama, na kikundi chake cha kazi kinazijadili rasilimali hizi.

Wanaoamini kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki naomba wanijibu hili: barafu ya kreta moja ikiisha, aliyefika wa pili atakuwa amebakiwa na haki gani chini ya mkataba wa 1967, unaosema kwamba Mwezi uko wazi kwa nchi zote bila ubaguzi?