Je, ni kweli kwamba kwa hesabu za fizikia mbinguni kuna joto kuliko jehanamu?

Mlezi wa Kwaya

Ndugu wanajukwaa, salamu. Kijana mmoja wa kwaya yetu, anayesoma sayansi kidato cha sita, ametutangazia kwamba amepata uthibitisho kuwa mbinguni kuna joto kali zaidi ya jehanamu, na kwamba uthibitisho wenyewe unatokana na Biblia pamoja na kanuni inayofundishwa darasani. Mchungaji alicheka sana, wazee wawili wa kanisa hawakucheka hata kidogo, na mimi nimekabidhiwa kazi ya kumjibu. Naomba mwenye kuifahamu hesabu hiyo anieleze imekaaje, na kama ina kasoro, iko kwenye fizikia au kwenye usomaji wa Maandiko?

Chaki Nyeupe

Ndugu Mlezi, kijana wako hakuitunga. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1972 katika Applied Optics, jarida la wanasayansi wa mwanga la Marekani, bila jina la mwandishi. Inaanzia Isaya 30:26, ambapo nuru ya mwezi itakuwa kama ya jua, na nuru ya jua itaongezwa mara saba, kama nuru ya siku saba. Mwandishi akahesabu kwamba mwezi wa huko unaleta fungu moja la mnururisho, yaani nishati inayosafiri kama mwanga, sawa na jua letu la sasa, na jua la huko linaleta saba mara saba, yaani mafungu 49. Jumla ni mafungu 50.

Hapo inaingia kanuni ya Stefan na Boltzmann, isemayo kwamba nishati inayotolewa na kitu chenye joto hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto yake. Mbingu, ili isiendelee kupata joto bila kikomo, sharti itoe nishati sawa na inayopokea, kwa hiyo halijoto yake ni ya dunia mara kipeuo cha nne cha 50, yaani kipeuo cha pili kikitafutwa mara mbili, ambacho ni takriban 2.66. Tukichukua dunia kuwa kelvini 300 (kelvini huhesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi), mbingu inafika kelvini 798, au nyuzi 525 za Selsiasi.

Jehanamu inapimwa kwa njia nyingine. Ufunuo 21:8 inataja ziwa liwakalo moto na kiberiti, nacho kiberiti hicho ni salfa. Salfa huchemka kwenye nyuzi 444.6, na ikishapita hapo inakuwa mvuke, si ziwa tena. Basi jehanamu haiwezi kuzidi nyuzi 445, na watakatifu wanabaki na nyuzi 80 za ziada.

Mpima Miamba

Mwalimu Chaki ameieleza vizuri, ila ameiacha jehanamu kwenye mgandamizo wa hewa wa Dar es Salaam, jambo ambalo hakuna andiko linaloliunga mkono. Kiwango cha kuchemka hupanda kadiri mgandamizo unavyoongezeka, ndiyo maana maharage huiva upesi kwenye sufuria ya presha. Ikiwa jehanamu iko chini ya ardhi, kama wengi walivyoamini kwa karne nyingi, salfa yake inaweza kubaki kimiminika hadi karibu nyuzi 1,040, na hapo mbingu imekwisha kushindwa kwa mbali.

Hata zile nyuzi 525 zina utata. Mwaka 1998 wanafizikia wawili wa Hispania walieleza kwamba "nuru ya siku saba" ni ufafanuzi wa ile "mara saba", si kizidisho kingine. Kwa usomaji huo tunapata mafungu saba ya jua na moja la mwezi, jumla nane, na halijoto inashuka hadi nyuzi 231 na nusu. Bado ni joto la tanuri la mkate, lakini jehanamu imerudishiwa heshima yake.

Kwa faida ya wapenda ulinganisho, Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, hutoa lava baridi kuliko volkano zote zinazofanya kazi duniani, kati ya nyuzi 500 na 600 tu, wakati lava ya kawaida ya basalti hupita 1,100. Kwa maneno mengine, ile mbingu ya mwaka 1972 ina joto la lava ya Mlima wa Mungu. Sisemi kwamba hilo linathibitisha chochote, ila wazee wawili wa kanisa wanaweza kupelekewa taarifa.

Msomaji wa Zamu

Mbona hamsomi aya zilizotangulia? Isaya 30:23 hadi 25 inazungumzia mvua ya mbegu, ng'ombe katika malisho mapana na mito ya maji juu ya milima. Nabii alikuwa akiwaahidi watu wa Sayuni kurejeshwa kwa nchi yao. Ng'ombe halishi kwenye nyuzi 525, wala kwenye 231. Kasoro iko kwenye usomaji.

Bint Pwani

Kwa upande wetu Waislamu swali la hali ya hewa ya Peponi limekwisha kujibiwa: Surat Al-Insan aya ya 13 inasema watu wa huko hawataona jua kali wala baridi kali. Kinachonivutia ni hadithi mashuhuri kwamba moto wetu huu ni sehemu moja kati ya sabini za moto wa Jahanamu. Mtu wa vipimo atataka kujua sehemu hizo ni za nini. Zikiwa ni za nishati inayotolewa, kwa kanuni ya Mwalimu Chaki halijoto haifikii hata mara tatu ya moto wetu. Zikiwa ni za halijoto, nishati inapanda zaidi ya mara milioni 24. Mimi ninayeshindwa kushika kifuniko cha sufuria bila kitambaa sioni faraja katika jibu lolote kati ya hayo mawili.

Mtu wa Toba

Mambo ya Mwenyezi Mungu hayapimwi kwa kipimajoto. Acheni mzaha.

Chaki Nyeupe

Ndugu yangu, waumini wenyewe walitutangulia. Mwaka 1588 Galileo, akiwa bado kijana, alitoa mihadhara Florence kuhusu umbo na ukubwa wa jehanamu iliyoelezwa na Dante, mshairi wa Italia. Mwaka 1714 Tobias Swinden, kasisi wa Kianglikana, alichapisha kitabu kizima akidai kwamba jehanamu imo ndani ya jua, kwa kuwa tumbo la dunia halitoshi kuwabeba waliohukumiwa wote. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya kasisi huyo, kijana wa kwaya ameshindwa bila hata kubishana juu ya salfa.

Mpima Miamba

Limebaki suala moja ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni mwezi. Mwezi wetu huakisi takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea, na hata ukigeuzwa kuwa kioo kamili utaongeza nuru mara nane hivi, ilhali ili ulingane na jua unahitaji kuongeza mara 400,000. Lazima basi uwe na moto wake wenyewe, na kwa kuwa unaonekana angani kwa upana ule ule wa jua, uso wake utahitaji zile zile nyuzi 5,500. Kijana aulizwe: baada ya mwamba wote wa mwezi kugeuka mvuke, ni kitu gani kitaushikilia usitawanyike?