Mgonjwa wa kemo ana BMI 26 lakini panja zimebonyea: ana utapiamlo au hana?

Zamu_ya_Asubuhi:
Wakuu, naomba msaada. Niko wodi ya saratani, nina mama mmoja anayepata kemo. Miezi mitano iliyopita alikuwa na kilo 74, leo mizani inasoma 68. BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) bado 26, na fomu yetu inataka BMI tu, kwa hiyo nimeambiwa niandike "lishe nzuri". Lakini panja zimebonyea, mitulinga imetokeza, na akinyanyuka kitini lazima ajishike. Albumini, ile protini ya kwenye damu, iko chini, mwenzangu anasema hiyo peke yake inatosha kuthibitisha utapiamlo. Nyie mnapimaje?

Bibi_Lishe:
Mkuu, fomu hiyo inakupoteza. BMI haijui mtu alikuwa na kilo ngapi kabla hajaugua. Piga hesabu: kilo 6 kati ya 74 ni asilimia 8. Kwa GLIM, vigezo vya kimataifa vya kutambua utapiamlo, kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita tayari ni dalili ya mwilini. Ikipatikana na sababu moja, yaani kula kidogo au ugonjwa unaoleta inflamesheni (mwako wa ndani ya mwili), huo ni utapiamlo, hata kwa mtu mnene. Saratani ni sababu tosha.

Na hiyo 68 usiiamini haraka. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, subiri sekunde kadhaa, achia. Kikibaki kishimo, miguu imejaa maji, na maji nayo yanapanda mizani. Maana yake nyama iliyopotea ni zaidi ya kilo sita.

Albumini iache kwa kazi hii. Inflamesheni ikipanda, albumini hushuka, hata kwa anayekula vizuri.

Mgonjwa akifika tu, tumia MST, kipimo kifupi cha kuchuja utapiamlo, maswali mawili: umepungua bila kukusudia? Unakula kidogo kwa kukosa hamu? Akipata alama 2 au zaidi, nenda PG-SGA, fomu ndefu zaidi ya kutathmini lishe. Hiyo ndiyo naipenda, kwa sababu sehemu ya kwanza anaijaza mwenyewe: uzito, ulaji, dalili, na anavyojiweza siku hadi siku. Kukosa hamu ni alama 3, kutapika 3, vidonda mdomoni 2. Jumla ikifika 9, usingoje kesho.

Mwana_wa_Mgonjwa:
Mimi si mtaalamu, nilimuuguza baba tu. Kila kliniki: "Mzee, unakula?" Naye: "Nakula, mwanangu." Basi, wanaandika. Hakuna aliyeuliza kiasi gani. Kumbe wodini alikuwa ananisogezea sahani niimalizie, ili nesi akipita aikute tupu. Muulizeni na anayekaa naye.

Bibi_Lishe:
Umenena, ndugu. "Unakula?" si swali. Mimi huuliza: jana sahani ulibakiza robo, nusu, au karibu yote? Anayekula nusu ya mahitaji yake au chini ya hapo kwa zaidi ya wiki moja, GLIM inamhesabu.

Zamu_ya_Asubuhi:
Asanteni sana. Nimebonyeza muundi, kishimo kimebaki. Binti yake anasema mama anakula vijiko vitatu vinne anasukuma sahani, kila kitu anakiona kina ladha ya chuma. PG-SGA imetoka 14, nimeshampigia mtu wa lishe. Jambo moja bado: dozi ya kemo ilikokotolewa kwa zile kilo 74. Hili nalipeleka kwa nani?

Dirisha_la_Dawa:
Kwa daktari wake na mfamasia anayeandaa kemo, kabla ya mzunguko unaofuata. Usiwapelekee 68 peke yake. Andika uzito, tarehe na "miguu imevimba" mstari mmoja kwenye faili, maana maji yakitolewa uzito utashuka tena na itabidi wapige hesabu upya.