Wenye giaboksi za klachi mbili, tupeane uzoefu wa foleni na milima

Gia ya Pili: Wakuu, nimetoka kwenye foleni sasa hivi, moyo haujatulia. Gari langu lina giaboksi ya klachi mbili, mwaka wa pili huu. Barabara ikiwa wazi sina neno, gia zinapanda hata huhisi. Tatizo ni kutambaa: unasogea mita tatu, unasimama, unasogea tena. Hapo linashtuka kama linaendeshwa na mwanafunzi anayeachia klachi kwa mara ya kwanza. Leo limeruka mbele, nikabakiza shubiri moja kumgonga mtu. Ni langu tu au ndivyo zilivyo? Mwenye kisa alete.

Tambarare: Ndivyo zilivyo. Langu hugonga likitoka gia ya pili kurudi ya kwanza.

Mguu wa Kushoto: Mkuu, otomatiki tulizozizoea zina konveta: injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma giaboksi. Ukikanyaga vibaya, mafuta yanameza mshtuko. Zetu hazina kitu hicho. Hizi ni kama manuali mbili ndani ya ganda moja. Klachi ndiyo inayounganisha injini na gia na kuziachanisha; moja inabeba gia ya 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4 na 6, na kompyuta ndiyo inayokanyaga na kuachia. Ukiwa gia ya pili unaongeza mwendo, ya tatu tayari imeandaliwa. Ghafla wa mbele anafunga breki, wewe unaihitaji ya kwanza. Inabidi ya tatu itolewe kwanza, ya kwanza iingizwe. Ule mkwamo na ule mshindo ndio huo.

Mama Usukani: Mada hii imenirudisha mahali nisipopapenda.

Ni maegesho ya chini ya jengo. Njia ya kutokea ni nyembamba, imepinda, na mlima wake mkali. Jioni, kila mtu anatoka, geti la juu linapitisha gari moja moja. Nimebeba wanangu wawili, na wa nyuma amenisogelea mpaka taa zake sizioni kwenye kioo. Kwa kuogopa kurudi nyuma nikawa nalishikilia gari kwa mafuta kidogo kidogo, lisipande wala lisishuke, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye otomatiki yangu ya zamani. Dakika tano hivi.

Likaanza kutetemeka, kuanzia usukani mpaka kiti. Nikadhani linataka kuzimika, nikaongeza mafuta. Ikaja harufu. Mwanangu mkubwa akauliza, "Mama, nini kinaungua?" Dashibodi ikawaka: giaboksi imepata joto kupita kiasi. Sijamaliza kusoma, klachi zikaachia. Injini inanguruma, mguu uko kwenye mafuta, na gari linarudi nyuma! Unakanyaga, unasikia nguvu, na hakuna kinachoshika. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikavuta hendibreki, nikaweka P, nikazima, nikawatoa watoto nikawasimamisha ukutani. Karibu nusu saa tukingoja ipoe, honi zinapigwa nyuma yangu, na mimi nalia.

Tambarare: Pole sana dada. Nimesoma mikono imenitoka jasho.

Bonde na Mlima: Pole, ila ukweli usemwe. Hata manuali ukiishikilia mlimani kwa klachi itaungua. Breki ndiyo ya kushikilia gari.

Gia ya Pili: Mkuu, mtu alikuwa na watoto mlimani, unaanza na lawama?

Bonde na Mlima: Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemuuzia akamwambia "ni otomatiki tu, weka D uende." Hilo neno limeunguza klachi nyingi.

Mzee wa Konveta: Ndiyo maana sizitaki. Teknolojia changa, tunafanyiwa majaribio sisi.

Mguu wa Kushoto: Si changa, mzee wangu. Mfaransa Adolphe Kégresse aliifikiria tangu miaka ya 1930. Porsche waliiingiza kwenye mashindano miaka ya 1980, na Volkswagen wakaiweka kwenye Golf R32 mwaka 2003. Ila ni kweli mashindanoni hakuna foleni.

Mzee wa Konveta: Basi wabaki nayo huko mashindanoni.

Mteremko: Turudi kwenye dawa. Foleni ikisimama mimi natoa D naweka N, yaani gia huru, klachi zinapumzika.

Bonde na Mlima: Hapana. Ukikanyaga breki sawasawa kwenye D, kompyuta inaachanisha klachi yenyewe. Kinachoua ni breki nusunusu: gari linataka kutambaa, wewe unalizuia, klachi inasugua muda wote huo. Hiyo N yako kila dakika ni kuingiza na kutoa gia bure.

Mteremko: Miaka minne nafanya hivyo na sijafungua giaboksi.

Bonde na Mlima: Na mimi sita, bila N.

Tambarare: Mimi nahamishia giaboksi kwenye hali ya manuali, nalibakiza gia ya kwanza. Halihangaiki kupanda na kushuka. Au ondokeni nyumbani kabla ya foleni, hiyo ndiyo dawa kamili.

Spana: Nazifungua hizi kila wiki. Kwanza jua zako ni klachi kavu au zinazoogea mafuta. Za mafuta hustahimili joto zaidi, lakini mafuta yabadilishwe. Nyingi za gia sita ni kila kilomita 60,000. Kavu zikianza kutetemeka wakati wa kuondoka, wakati mwingine kuzifundisha upya kwa kompyuta, yaani kompyuta ijifunze tena klachi zinaposhikia, kunatosha. Msikubali kubadilishiwa klachi kabla hilo halijajaribiwa. Na kwenye foleni acha nafasi mbele, ukiondoka uondoke kweli, usitambae sentimita kwa sentimita.

Mteremko: Ukiacha nafasi wanachomekea.

Spana: Wachomekee. Klachi ni ghali kuliko nafasi moja.

Gia ya Pili: Mama Usukani, lako limepona?

Mama Usukani: Klachi zilibadilishwa, zilikuwa kavu, zimeungua kabisa. Njia ile bado napita kila jioni. Nasubiri chini kwenye tambarare mpaka wa mbele afike getini, ndipo napanda mara moja bila kusimama. Wa nyuma wanapiga honi, na mimi nasubiri tu.