Gari-nyumba: nikifikia klachi, usukani unanigusa kifua

MguuMfupi

Habari zenu wadau. Naomba msaada kabla sijakubali kuwa abiria wa kudumu.

Tuna gari-nyumba la chesisi ya Fiat Ducato, gia za mkono, vitanda na jiko nyuma. Tulilinunua likiwa limeshatumika. Mimi nina urefu wa sentimita 154, mume wangu 187. Tulikubaliana kupokezana usukani, yeye asubuhi, mimi mchana. Lakini nikiendesha saa moja tu nashuka nachechemea, mguu wa kushoto umekufa ganzi kuanzia nyuma ya goti hadi vidoleni.

Kiti cha dereva ni kile kinachozunguka, ukiegesha unakigeuza kuelekea mezani. Kizuri sana kwa kunywea chai. Kwa kuendeshea ni mateso. Visigino vyangu haviifikii sakafu, vinaning'inia kama vya mtoto kanisani. Ukingo wa kiti unanikata chini ya mapaja. Ili niikanyage klachi hadi mwisho lazima nivute kiti mbele kabisa, na jana nilichukua rula: kutoka katikati ya usukani hadi kwenye mfupa wa kifua ni sentimita 19. Nikirudi nyuma, klachi naifikia kwa ncha ya kidole gumba.

Nimejaribu mto mgongoni. Kwenye kona unahama, na nikifunga breki nazama ndani yake, kwa hiyo umbali niliopima asubuhi si ule wa mchana. Nimejaribu viatu vya soli nene, nikawa sijui klachi inashika wapi. Nimeweka ubao chini ya miguu. Huo ubao nisiusimulie sana. Uliteleza ukaingia nyuma ya pedali ya breki nikiwa naegesha. Mwendo ulikuwa wa kobe, ndiyo maana niko hapa naandika.

Swali: nirefushe pedali, nishushe kiti, au niinue sakafu?

Kamaganda

Refusha pedali tu. Fundi yeyote atakukatia vipande vya mbao ngumu, unavifunga kwa boliti juu ya klachi na breki, umemaliza. Babu aliendesha lori hivyo miaka mingi.

Sponji_na_Uzi

Kamaganda, babu hakuwa na mfuko wa hewa kwenye usukani. Na mbao zile zikilegea nati moja, pedali inajipinda ukiwa katikati ya mteremko. Virefusho vya pedali vipo vya kiwandani, vya chuma, na vinasaidia watu wengi, ila kwa dada huyu si pa kuanzia. Nitaeleza kwa nini. Mimi kazi yangu ni viti.

Dada, una magonjwa mawili na umeyaweka kwenye swali moja. Kuna umbali wa kwenda chini, kutoka nyonga hadi sakafuni. Kuna umbali wa kwenda mbele, kutoka nyonga hadi pedali. Kirefusho kinatibu wa mbele tu. Ukikifunga leo, pedali itakusogelea lakini kisigino kitabaki hewani, na mguu usio na pa kutua unachoka hata kama pedali iko jirani. Sakafu ya kuinuliwa nayo inatibu wa chini tu. Kwa hiyo kwanza urefu wa kiti, halafu ndipo uulize habari ya pedali.

Pima hivi. Vaa viatu unavyoendeshea, kaa kwenye kiti cha kawaida cha mezani, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye shimo la nyuma ya goti. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva na uzito wako wote, apime kutoka sakafu ya kabini hadi ukingo wa mbele wa kiti ulivyobonyea. Namba ya pili ikizidi ya kwanza, hiyo ndiyo ganzi yako. Halafu angalia nafasi kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ukiwa umeegemea vizuri: vidole viwili au vitatu vipite. Visipopita, kiti ni kirefu kwa paja lako, na hilo ni suala la sponji, la kushonwa upya.

Nakisia kwamba aliyeweka ile sahani ya kuzungushia aliipachika juu ya stendi ya asili bila kuipunguza. Sahani peke yake huongeza sentimita kadhaa. Zinauzwa stendi fupi zilizotengenezwa makusudi kufidia unene wake.

Kabla hujanunua chochote, toa sahani, rudisha kiti moja kwa moja kwenye stendi yake, endesha siku mbili. Kitakuwa hakizunguki, chai utanywa ukitazama kioo cha mbele, lakini utajua ukweli bila kutumia kitu.

MguuMfupi

Nimepima. Mguu wangu na viatu, sentimita 40. Ukingo wa kiti nikiwa nimekaa, 45. Unene wa sahani, nimeuchungulia kwa tochi, ni kama 5. Nimecheka peke yangu.

Vidole nyuma ya goti: kimoja, tena kwa kulazimisha.

Nyongo_ya_Dizeli

Mimi nataka kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Dada, umesema unaikanyaga klachi "hadi mwisho". Gia inaingia ukiikanyaga nusu? Au lazima iguse sakafu ndipo ikubali?

Nauliza kwa sababu klachi ya gari hilo inasukumwa na mafuta yake maalumu kwenye mrija. Mrija ukiwa na upepo, sehemu ya safari ya pedali inapotea bure, na klachi inaachia karibu kabisa na sakafu. Mrefu kama shemeji hataona chochote, mguu wake unafika tu. Wewe ndiye unayelipa zile sentimita za mwisho.

Jaribu gari likiwa limesimama, breki ya mkono juu, injini inanguruma: weka gia ya kwanza, achia klachi polepole, uone inaanza kushika ikiwa umbali gani kutoka sakafuni. Ikiwa ni unene wa kidole kimoja, mwone fundi aitoe upepo na akague kama kuna panapovuja. Na kama ukiipampu mara mbili tatu inaanza kushika juu zaidi, huna haja ya kunijibu, nenda kwa fundi.

MguuMfupi

Kidole kimoja. Nikiipampu, vitatu.

Mume wangu amesoma hili akanyamaza. Ameendesha gari hili miezi minane.

Mrefu_Mwenzake

Namtetea shemeji, mimi nina 190 na nisingeona pia.

Nilipitia njia ya kuinua sakafu, kwa ajili ya mke wangu, basi niseme yaliyonikuta. Nilitengeneza jukwaa la plaiwudi, sentimita 4, nikalifunika kwa mpira wenye mifereji, nikalifunga kwa boliti mbili kwenye matundu yaliyokuwepo tayari ili lisisogee hata kidogo. Kabla ya kulifunga nilisukuma kila pedali hadi mwisho kwa mkono na kuhakikisha hakuna inayogusa. Mke alifurahi. Visigino vimetua.

Mimi nikakaa. Magoti yakagonga usukani. Zaidi ya hapo, mguu wa kulia ukawa unakanyaga pedali ya mafuta juu sana, karibu na ncha yake, kwa sababu kisigino kimepanda na pedali imebaki palepale. Kifundo kilianza kuuma siku ya pili. Ikabidi jukwaa liwe la kutoka na kuingia, na kila tukipokezana kuna dakika tano za kufungua boliti, mvua au jua. Hatimaye tukaacha.

Kwa madereva wawili walioachana kimo hivi, kitu cha kushusha ni kiti, kwa sababu kiti kina reli, na kila mmoja anakisogeza mbele au nyuma kwa kimo chake. Reli zikishakuwa sawa, chora alama mbili za rangi ubavuni, moja yako moja yake. Ni jambo dogo lakini limetupunguzia ugomvi.

Sponji_na_Uzi

Mrefu amesema kweli. Niongeze tahadhari, maana naona dada ana tochi na ataanza kufungua.

Chini ya kiti hicho kuna waya. Ukiona plagi au waya wa rangi ya njano, hiyo ni mifumo ya mifuko ya hewa na ya kukaza mkanda ghafla wakati wa ajali. Usiichomoe huku swichi ya gari imewashwa. Zima gari, toa waya wa betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uguse. Vinginevyo utawasha taa ya onyo kwenye dashibodi, na huo ndio upande mzuri wa mambo.

Pili, kifungio cha mkanda kimeshikwa na kiti, na kiti kimeshikwa na stendi. Siku ya ajali mwili wako wote unaning'inia kwenye zile boliti. Kwa hiyo stendi haikatwi na kuchomelewa upya na fundi wa mageti, hata awe hodari namna gani. Nunua iliyotengenezwa na kujaribiwa kwa kazi hiyo, boliti zikazwe kwa kipimo cha kiwanda. Fiat Ducato, Peugeot Boxer na Citroën Jumper ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tafuta kwa majina yote matatu. Linganisha tu mwaka wa gari na nafasi za matundu.

Ukingo wa mbele wa kiti niletee mimi, au fundi aliye karibu nawe. Sponji inapunguzwa mbele, inalazwa mteremko kidogo, kitambaa kinarudishwa. Mwambie asiguse ubavu kama una mfuko wa hewa ndani ya kiti.

Kamaganda

Sawa, nimeshindwa. Lakini akishusha kiti, ataona barabara?

Nyongo_ya_Dizeli

Swali zuri hilo, kwa mara ya kwanza leo. Ndiyo maana siku mbili za majaribio bila sahani ni lazima. Akikaa chini, aangalie juu ya ukingo wa usukani, si kupitia katikati yake. Vioo vya pembeni avipange upya, watu husahau.

Na dada, ukikaa sawa: klachi ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kidogo. Mgongo na mabega vikiwa vimeegemea, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kilale juu ya usukani bila bega kung'oka. Kutoka kifuani hadi katikati ya usukani pasipungue sentimita 25. Sasa una 19, na huo mfuko ukifumuka hauulizi umefika wapi.

MguuMfupi

Narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Klachi kwanza. Fundi alikuta mafuta ya klachi yamepungua kwenye mtungi wake na unyevu pale mrija unapoungana. Amebadilisha kiungio, ametoa upepo. Sasa inashika vidole vinne kutoka sakafuni. Siku hiyohiyo nilirudisha kiti nyuma matundu mawili ya reli, bila kugusa kitu kingine chochote.

Kisha tulitoa sahani tukaendesha siku mbili. Visigino vikatua. Jambo ambalo sikulitarajia: kiti kiliposhuka, pedali nazo zilikuja karibu. Nimelifikiria usiku mzima, nikaona mguu wangu husafiri mshazari, kwa hiyo nikishuka napata na mbele kidogo. Barabara naiona. Ninachokikosa ni ile hali ya kuwatazama watu wa magari madogo kwa juu, lakini nitazoea.

Tumenunua stendi fupi, sahani imerudi, kiti kinazunguka. Sponji ya mbele imepunguzwa, vidole vitatu vinapita nyuma ya goti. Usukani nimeusukuma ndani kidogo. Rula inasema 26. Alama za rangi kwenye reli: yangu nyekundu, yake ya bluu, na amelalamika kwamba yangu ni kubwa zaidi.

Jana niliendesha saa mbili, nikasimama kunyoosha miguu, nikaendesha tena moja na nusu. Ganzi hakuna. Kilichobaki ni kifundo cha mguu wa kulia, kinachoka kwa kushikilia pedali ya mafuta kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Kuna mtu ana dawa?

Mrefu_Mwenzake

Gari lako lina kitufe cha kushikilia mwendo bila mguu kwenye pedali? Chetu kilikuwepo mwaka mzima tukidhani ni cha taa.

MguuMfupi

Naenda kuangalia.